Wazee Wetu wa Muscat na Elimu ya Uzee

Nazungumza kutoka jijini Muscat, mji mkuu wa Oman, au Maskati kama wanavyouita wazee wa Unguja na Pemba. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu elimu ambayo jina lake bado ni geni masikioni mwa wengi wetu: gerontolojia, yaani elimu ya uzee na ya huduma wanazohitaji watu waliokwisha kula chumvi nyingi.

Kabla sijaendelea, yafaa nijieleze. Mimi ni mtayarishaji wa vipindi vya redio, mzaliwa wa Mombasa, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, na elimu niliyosomea chuoni ni uandishi wa habari. Si daktari wala muuguzi. Miaka kadhaa nimeishi hapa Muscat, na kazi yangu imenipeleka mara nyingi katika majumba ya wazee wanaozungumza Kiswahili, nikiwa na chombo cha kurekodia sauti, kuwauliza habari za zamani. Baada ya muda niliona kwamba nilikuwa najua kuwauliza wazee hao juu ya mwaka 1964, lakini sikujua hata kidogo namna ya kuzungumza na mzee aliyesahau kwamba nilimtembelea jana. Ndipo nilipojiandikisha katika masomo ya gerontolojia kwa njia ya mbali, nikasoma usiku baada ya kazi. Haya nitakayoyasema ni ya mwanafunzi, si ya bingwa.

Ni wazee gani ninaowazungumzia? Msikilizaji wa Afrika Mashariki atakumbuka kwamba baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka visiwani. Wengine walikimbilia Dar es Salaam na Mombasa, wengine Misri, Uingereza na nchi za Ghuba. Oman yenyewe wakati ule ilikuwa imefunga milango yake. Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos bin Said alishika utawala, naye akawaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Nchi hiyo ilikuwa na shule tatu tu za kisasa. Waliotoka Zanzibar walikuwa na elimu, walijua Kiingereza, na wengi walipata kazi maofisini, mashuleni, hospitalini na katika kampuni ya mafuta. Wenyeji waliwaita Zinjibari, na jina hilo lingalipo hadi leo.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Mapinduzi sasa amepita 80. Waliojenga wizara na kufundisha katika shule za mwanzo ndio hao sasa wanaoketi barazani huko Al Khuwair, Al Khoud na Mabela wakingojea mjukuu arudi kazini. Kiarabu wengi wao walikijua kwa sala na kwa Kurani, lakini Kiarabu cha sokoni na cha ofisini walikisoma wakiwa watu wazima. Kiswahili ndicho walichonyonya kwa mama zao. Wajukuu zao, kwa upande wao, wanasema Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili chao ni cha "shikamoo" na "njoo ule".

Kuna jambo ambalo elimu ya uzee inalijua vyema na ambalo familia nyingi hapa zimeligundua peke yao bila ya kujua sababu yake. Mtu anapopatwa na maradhi ya usahaulifu wa uzeeni, mara nyingi lugha aliyojifunza ukubwani hutangulia kuondoka, na ile ya utotoni hubaki hadi mwisho. Hivyo basi baba aliyekuwa akizungumza Kiarabu na wanawe kwa miaka 40 huanza kuwajibu kwa Kiswahili. Watoto hudhani amekasirika, au amerukwa na akili. Hajakasirika. Amerudi kwao.

Mpenzi msikilizaji, niruhusu nikusimulie kisa kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Yupo bibi mmoja, mzaliwa wa Malindi, mjini Unguja, aliyefika Muscat mwaka 1972 akiwa na watoto wawili. Sitamtaja jina. Familia yake ilianza kuona kwamba anarudia maneno na kwamba ameacha sufuria motoni mara mbili. Mjukuu wake wa kiume, kijana mwema mwenye adabu, akampeleka katika kliniki moja ya binafsi, jioni ya siku ya Alhamisi mwezi wa Januari. Nami niliombwa nifuatane nao kwa sababu bibi alinizoea.

Daktari alikuwa mgeni kutoka Bara Hindi, mpole, mwenye foleni ndefu mlangoni. Alizungumza Kiingereza, mjukuu akatafsiri kwa Kiswahili chake kidogo, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo. Maswali yenyewe yalitoka katika vipimo viwili vinavyotumika duniani kote: kimoja kilichotungwa Marekani mwaka 1975 na Marshal Folstein na wenzake, na kingine kilichochapishwa mwaka 2005 na Ziad Nasreddine wa Montreal, Kanada. Ni vipimo vizuri. Sina ugomvi navyo. Sikiliza lakini yaliyotokea.

Aliulizwa: leo ni siku gani? Magharibi ilikuwa imekwisha kuingia, na kwa hesabu yetu siku mpya huanza jua linapotua. Bibi akajibu, "Leo usiku wa Ijumaa." Mjukuu kwa haraka akasema "Ijumaa". Daktari akaandika kosa.

Aliulizwa: tuko katika majira gani ya mwaka? Bibi akajibu bila kusita, "Kaskazi." Na Januari kweli ni kaskazi, ndio upepo ambao kwa karne nyingi ulijaza matanga ya majahazi kutoka bandari hizi za Oman kwenda Unguja, kabla ya kusi kuyarudisha. Mjukuu hakuwa amelisikia neno hilo isipokuwa katika kutaja upande wa dunia. Akatafsiri kwamba bibi amesema "upande wa kaskazini". Kosa la pili.

Kisha akapewa karatasi na kalamu, achore uso wa saa na aweke mishale ionyeshe kumi na moja na dakika kumi. Hapa ndipo nilipotaka kusimama. Kwa Kiingereza daktari alikuwa anataka mshale mfupi uwe kwenye kumi na moja, wakati ambao sisi tunauita saa tano na dakika kumi. Kijana alitafsiri tarakimu kama alivyozisikia: "Bibi, saa kumi na moja na dakika kumi." Naye bibi, kwa mkono uliotetemeka kidogo, akachora duara safi, akapanga nambari zote mahali pake, akauweka mshale mfupi kwenye tano na mrefu kwenye mbili. Ndiyo saa kumi na moja na dakika kumi ya kila Mswahili, wakati wa alasiri jua linapoanza kulegea. Daktari aliitazama ile karatasi kwa huzuni, akapiga mstari.

Mwisho akaombwa aandike sentensi yoyote ile. Bibi aliandika kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa kuwa daktari hakujua herufi za Kiarabu, alimwita muuguzi wa Kiarabu aisome. Muuguzi aliitamka herufi kwa herufi, akatikisa kichwa, akasema kwamba haina maana yoyote. Kwa Kiarabu haikuwa nayo. Bibi alikuwa ameandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika mama zake na bibi zake.

Kwa nini sikusema neno? Nimejiuliza mara nyingi. Niliona haya kumsahihisha mjukuu mbele ya nyanya yake, tena mahali nisipo na cheo. Nilisema baadaye, nje, karibu na gari, lakini karatasi ilikuwa imekwisha andikwa kwamba akili ya bibi imeharibika vibaya. Nyumbani mambo yakabadilika ndani ya wiki moja. Funguo za kabati lake zilichukuliwa. Fedha zake zikashikwa na mtoto mwengine. Akazuiwa kuingia jikoni, na watu wakaanza kuzungumza juu yake mbele yake, kana kwamba hayupo. Hakuna aliyefanya hayo kwa ubaya. Walifanya kwa mapenzi na kwa hofu, wakifuata ile karatasi.

Niwarudishe nyuma kidogo katika historia ya elimu hii, maana kisa cha bibi si kigeni kwake. Neno gerontolojia lilitumiwa kwanza mwaka 1903 na mwanasayansi Élie Metchnikoff, aliyekuwa akifanya kazi Paris. Tawi la utabibu wa wazee nalo lilipewa jina lake mwaka 1909 na Ignatz Nascher wa New York. Lakini mtu ninayempenda zaidi katika vitabu vyote nilivyosoma ni daktari mwanamke wa Kiingereza, Marjory Warren. Mwaka 1935 hospitali yake, West Middlesex, ilikabidhiwa wodi za nyumba ya maskini iliyokuwa jirani, zenye wagonjwa 714, wengi wao wazee waliolazwa kitandani miaka na miaka kwa sababu ilidhaniwa hawaponi. Warren alifanya jambo dogo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: alimpima kila mmoja. Akawatenganisha kwa maradhi yao, akawaamsha, akawafundisha tena kutembea, na wengi wakarudi majumbani mwao. Walikuwa wamelala pale si kwa sababu ya uzee, bali kwa sababu hakuna aliyewauliza wana nini.

Leo elimu hii ina vyuo vyake. Chuo Kikuu cha Southern California kilifungua shule ya gerontolojia mwaka 1975, na mwaka 1988 Umoja wa Mataifa ulizindua taasisi yake ya mafunzo ya uzee katika kisiwa cha Malta, ambako huwafunza watumishi kutoka nchi zinazoendelea. Anayesoma hujifunza mwili unavyobadilika, kumbukumbu inavyofanya kazi, sheria za pensheni, namna ya kupanga huduma za nyumbani, na hata namna ya kujenga choo.

Nikiyataja masomo haya katika baraza za Muscat, jibu ninalolipata karibu kila mara ni hili: "Mwanangu, hayo ni ya Wazungu wanaowatupa wazazi wao. Sisi tuna dini na adabu, ya nini kusomea kumtunza mzee?" Ni kweli kwamba adabu ipo. Nyumba ya serikali ya kuwatunza wazee wasio na jamaa iko Rustaq, chini ya milima ya Hajar, na familia nyingi hapa zingeona aibu kubwa mzazi wao apelekwe huko. Hata hivyo siafiki kwamba mapenzi yanatosha, na ushahidi wangu ni mimi mwenyewe.

Mama yangu yuko Mombasa, amepita miaka 70. Kutoka Muscat nilimpelekea zulia zuri, laini, la rangi ya zambarau. Alilitandika chumbani, kati ya kitanda na mlango wa msalani. Usiku mmoja aliamka kutia udhu kwa ajili ya tahajudi, zulia likateleza juu ya sakafu, akaanguka akavunjika mkono. Zawadi yangu ndiyo iliyomwangusha. Miezi minne baadaye nilifika kwenye somo la maanguko, nikakuta kila kitu kimeandikwa pale: zulia lisiloshikizwa, sakafu yenye maji, giza, na dawa za presha zinazomfanya mzee apate kizunguzungu anaposimama ghafla. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban theluthi moja ya watu waliopita miaka 65 huanguka angalau mara moja kila mwaka. Mzee anayeinuka kutoka kwenye sijda, au kutoka kwenye mkeka wa kulia chakula chini, yafaa akae kidogo kwanza, avute pumzi mbili tatu, ndipo asimame. Kizunguzungu hakijui kama nyumba ina dini.

Turudi Muscat. Katika familia nyingi za Zinjibari, anayekaa na mzee kutwa si mtoto wala mjukuu. Ni mtumishi wa nyumbani, na mara nyingi familia humtafuta kwa makusudi kutoka Tanzania, Kenya au Uganda ili mzee apate wa kuzungumza naye. Huyu ndiye ajuaye kwamba mzee hali mchana bali hula usiku, na kwamba anapomwita "dada" anamwita dada yake aliyefariki. Naye hakufunzwa lolote. Aliajiriwa kufua na kupika, akajikuta muuguzi wa mgonjwa wa akili. Wala siwezi kuwataja wanawake hawa bila kukumbusha kwamba mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watumishi wa Kitanzania katika Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, yenye habari za mishahara iliyozuiwa, pasipoti zilizoshikwa na vipigo. Nimeona majumba ambamo mtumishi anaheshimiwa kama mwana wa nyumbani, na nimesikia ya majumba mengine. Anayemtegemea mwanamke huyu kwa roho ya mama yake asimnyime siku ya mapumziko.

Serikali ya Oman haikukaa kimya. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 2023 ilianzisha posho ya wazee, na tangu Januari 2024 kila raia aliyetimiza miaka 60 ana haki ya rial 115 kwa mwezi, awe tajiri au maskini. Vituo vya afya vya serikali vina huduma maalumu kwa wazee, na wauguzi huwatembelea wasioweza kutoka. Kwetu Afrika Mashariki hatua zimepigwa pia, ingawa mfuko ni mwepesi: Zanzibar ilianza kutoa pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, na Kenya ikafuata mwaka 2018 kwa shilingi 2,000 za Kenya. Fedha ni muhimu, lakini fedha hazisemi Kiswahili.

Na sasa jambo lililonifurahisha kuliko yote katika masomo yangu. Nilidhani vipimo vya kumbukumbu lazima vitoke Marekani au Kanada. Kumbe katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walitunga kipimo kwa ajili ya wazee ambao hawakwenda shule. Mzee haombwi achore. Anapewa njiti za kibiriti, azipange kama alivyoonyeshwa. Nani ambaye hajapata kushika njiti ya kibiriti? Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu usiku wa manane, nikiikumbuka ile saa ya bibi.

Niliichapa nikaipeleka kwa binti mkubwa wa bibi, mwalimu mstaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Mwezi uliofuata walimpeleka bibi mahali pengine, mara hii asubuhi, baada ya kulala vizuri. Muuguzi aliyempokea alikuwa mtoto wa Zinjibari. "Shikamoo bibi," akasema, na bibi akaitika marahaba kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa majuma mengi. Kabla ya swali lolote, alitazamwa masikio. Yalikuwa yamejaa nta. Nusu ya maswali ya mwanzo huenda hakuyasikia. Damu ilipimwa, ikaonekana ana upungufu wa vitamini B12. Bibi ana kisukari, na dawa yake, metformin, ikitumiwa kwa miaka mingi huweza kuleta upungufu huo, nao huathiri kumbukumbu. Kisha ndipo yakaja maswali, kwa Kiswahili, bila mkalimani.

Sitaki kumdanganya msikilizaji. Bibi alipoambiwa maneno matatu ayakumbuke, baada ya dakika chache alilikumbuka moja tu. Usahaulifu upo, na daktari alieleza kwamba huenda ukaongezeka. Lakini ni mwanzo wa safari, si mwisho wake, na tofauti ya mambo hayo mawili ni miaka ya maisha ya mtu. Funguo zilirudishwa siku ile ile. Jikoni anaingia, ila jiko limewekewa kifaa kinachozima gesi.

Kuhusu ile karatasi ya kliniki ya kwanza, binti yake alikuwa ameihifadhi. Wote pale nyumbani walisoma Kiarabu, lakini hakuna aliyefikiri kuisoma kama Kiswahili, mpaka mtumishi wao alipoiona mezani. Ni mwanamke wa Muheza, aliyesoma chuoni kwa shangazi yake na kuzoea barua za zamani za ukoo. Aliisoma mara moja, akafunika mdomo kwa mtandio. Bibi alikuwa ameandika: "Mwambieni daktari aniulize mimi."

Mwaka 1963 daktari wa Kimarekani, Robert Butler, aliandika kwamba mzee anaporudia habari za ujana wake si upuuzi. Ni kazi anayoifanya, ya kuyapitia maisha yake na kuyaweka sawa. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliichukulia kama dalili ya kuharibika. Tangu niliposoma hayo nimebadilisha namna ya kurekodi. Zamani bibi alipohama kutoka Mapinduzi akaingia kwenye harusi ya dada yake, nilizima mashine nikingoja arudi kwenye historia. Sasa siizimi. Kwa familia hii tumetengeneza daftari dogo, kurasa 20, lenye picha na majina: huyu ni nani, nyimbo gani anapenda, chai yake ina iliki kiasi gani, wakati anauitaje kwa saa ya Kiswahili, na maneno kama kaskazi, kusi, vuli na masika yamefasiriwa kwa Kiarabu. Nakala moja iko ndani ya mkoba wake wa hospitali.

Wajukuu wawili wameanza kujifunza Kiswahili, Jumamosi alasiri, wakikaa miguuni pake. Wanaendelea polepole. Mkataba wa yule mwanamke wa Muheza ni wa miaka miwili, nao unakwisha mwezi wa Oktoba. Ana watoto watatu kwao na amesema atarudi. Binti wa bibi ameniomba niulize Tanga na Pemba kama yupo mwengine, naye safari hii anataka kumlipia mafunzo ya kutunza wazee kabla hajapanda ndege. Nimeuliza katika vyuo vitatu kwa simu. Mafunzo ya kulea watoto wadogo yapo, ya upishi yapo. Ya wazee, nimeambiwa nipige tena mwakani.